Je, Kigae Kimoja Chatosha Kuhukumu Nyumba?

Katika toleo hili sitahubiri. Nimepewa ukurasa huu na wazee, nami nataka kuutumia kuuliza swali moja ambalo limenisumbua tangu mvua zilizopita: mtu akiona dalili ndogo ya jambo lililofichika, amepata haki ya kufanya nini? Nitaanzia mbali, Uingereza, katika mashamba ya ngano, kwa sababu huko wako watu ambao kazi yao ya kila siku ni swali hili hili. Nimejifunza kwao kitu ambacho chuo cha Biblia hakikunifundisha, au kilinifundisha nami sikusikia.

Tunajua kwamba Warumi waliotawala Yerusalemu siku za Bwana wetu walitawala nchi nyingi. Kisiwa cha Britania walikishika tangu mwaka 43 hadi karibu mwaka 410. Katika miaka hiyo matajiri walijenga shambani nyumba kubwa zinazoitwa villa. Zilikuwa na paa la vigae, kuta zilizopakwa rangi, vyumba vya kuogea, na sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi ili hewa ya moto kutoka tanuru ipite chini yake na kuwapasha watu joto. Utawala ulipokoma nyumba zile ziliachwa. Nyingine ziliungua, nyingine ziliibiwa mawe. Udongo ukafunika, majani yakaota, wakulima wakalima juu yake miaka elfu na zaidi bila kujua.

Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya Korona, mwana wa mwenye shamba mmoja katika wilaya ya Rutland alikuwa akitembea na jamaa yake katika ngano. Akaona vigae vya vyungu ambavyo havikufanana na vitu vya siku hizi. Hakupiga kelele kwamba amegundua jumba la mfalme. Alirudi nyumbani, akatazama picha ya shamba lile iliyopigwa na setilaiti, akaona mistari katika mimea. Ndipo akawaarifu wataalamu wa mambo ya kale wa serikali ya mtaa. Wakaja, wakapima, wakachimba pamoja na Chuo Kikuu cha Leicester. Chini ya ngano palikuwa na sakafu ya mosaiki, yaani picha iliyopangwa kwa vijiwe vidogo vya rangi, yenye urefu wa mita 11 na upana wa karibu mita 7, inayoonyesha vita vya Akile na Hekta, mashujaa wa hadithi za Wayunani.

Naomba mtazame hatua zile: kigae, picha, kuuliza, kupima, kuchimba. Kila hatua ilimpa haki ya hatua inayofuata tu, si zaidi.

Na hata baada ya kuchimba hawakuwa wamemaliza. Mwanzoni walisema picha ile inafuata utenzi maarufu wa Homeri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ukasema sivyo; inafuata masimulizi mengine, yale ya mchezo wa Eskilo ambao wenyewe ulipotea, ambamo mzee Priamu anaikomboa maiti ya mwanawe kwa dhahabu inayopimwa kwenye mizani. (Wako kati yetu watakaosoma hapa wakijua kwamba habari ya baba kulipia maiti ya mwanawe si hadithi ya Wayunani peke yao.) Sakafu ilikuwa wazi mbele ya macho yao, imeoshwa, imepigwa picha, na bado walilazimika kurudi na kusema: tuliisoma vibaya. Sikumbuki mara ya mwisho baraza letu la wazee liliposema neno hilo.

Dalili zao ni za ajabu kwa udogo. Mwaka ambao mvua haikunyesha, mimea iliyo juu ya ukuta uliozikwa hunyauka upesi, maana mizizi inagonga jiwe; iliyo juu ya mtaro wa zamani hukaa kijani. Ukipita kwa ndege unaona ramani ya nyumba imechorwa kwa njano na kijani. Kiangazi kikali cha mwaka 2018 kilifichua mengi namna hiyo. Dalili nyingine ni vigae vilivyo wazi katikati kama bomba, vilivyopitisha moto ukutani. Nyingine ni maganda ya chaza, kiumbe wa baharini, yakionekana shambani mbali na pwani. Maganda hayatembei. Mtu aliyabeba, na mtu wa kula chaza mbali na bahari hakuwa maskini.

Lakini iko na aibu ya upande wa pili, ya kuona dalili kubwa na kuiita si kitu. Mwaka 2015, katika kijiji cha Brixton Deverill, mtu mmoja alikuwa akipitisha waya wa umeme chini ya ardhi, watoto wapate taa ghalani wacheze mpira wa meza. Wafanyakazi walipochimba kiasi cha nusu mita hivi wakakuta mosaiki. Ikaonekana kwamba nyumba yake imejengwa juu ya villa kubwa. Na pale pale nyumbani lilikuwapo siku zote chombo cha jiwe walichopandia maua. Wataalamu walipokitazama, kilikuwa jeneza la mtoto wa wakati wa Warumi. Watu wema kabisa walimwagilia maua maji ndani ya jeneza la mtoto, miaka na miaka, wala hakuna aliyefanya dhambi. Hawakujua tu.

Kwa hiyo sisemi kwamba dalili ni bure. Wazee wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu, na ni kweli. Ila mawingu si mvua, na aliyeona mawingu hajalowa.

Hata jina lenyewe linatupoteza. Tukisikia «villa ya Kirumi» tunafikiri Mrumi alitoka Roma akaja kukaa pale. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wenyeji, Wabritoni waliotajirika, wakajenga kwa mtindo wa wakubwa wa wakati wao. Ukiokota kigae cha Kirumi hujaokota Mrumi. Jambo hili laonekana dogo mpaka ukumbuke tulikotoka. Katika vita vya mwaka 1998 watu walisimamishwa vizuizini wakasomwa kama vigae: pua, urefu, jinsi ulimi unavyotamka neno fulani. Aliyesimama na bunduki alikuwa na dalili, akajiona ana ushahidi, na kabla ya swali la pili mtu alikuwa amekufa. Sihitaji kuwaeleza. Kila familia humu ina mtu aliyehukumiwa kwa pua yake.

Sasa nije kwenye nyumba niliyotaka kuifikia tangu mwanzo. Inaitwa Lullingstone, iko katika bonde la mto Darent, mkoa wa Kent. Nilipokuwa chuoni mwalimu wetu wa historia ya kanisa alituonyesha picha yake, nakala iliyofifia: watu wamesimama mikono imeinuliwa, wamevaa mavazi mazuri, wanaomba. Nilifurahi kama mtoto. Walikuwa wanaomba kama mama zetu wanavyoomba.

Dalili ya kwanza ya nyumba hiyo ilionekana mwaka 1750. Wafanyakazi waliokuwa wakichimba mashimo ya nguzo za uzio wa bustani ya wanyama walitoboa sakafu ya mosaiki. Wakaendelea na uzio. Karibu miaka mia mbili ikapita ndipo mabaki yakatambuliwa tena, mwaka 1939, na uchimbaji wenyewe ukaanza mwaka 1949 ukaendelea hadi 1961, ukiongozwa na ofisa mstaafu wa jeshi, Meates.

Nyumba ilijengwa mwishoni mwa karne ya kwanza, ikapanuliwa mara kadhaa. Chini yake kulikuwa na chumba kilichochimbwa ardhini. Ukutani mwake, katika kishubaka, walichorwa miungu ya kike ya maji, bila shaka kwa ajili ya mto ulio karibu au chemchemi. Baadaye ziliwekwa humo sanamu mbili za marumaru, kichwa na mabega, za wanaume wenye sura ya heshima. Wako wanaosema mmoja wao ni Pertinaksi, aliyekuwa gavana wa Britania, kisha akawa kaizari kwa siku 87 tu mwaka 193. Wengine husema ni mababu wa familia. Mbele ya sanamu vilifukiwa vyungu vya sadaka.

Katika karne ya nne mwenye nyumba alitengeneza chumba cha kulia chakula cha fahari, sakafu yake ikiwa na picha za hadithi za miungu: Yupita amejigeuza ng'ombe anamteka binti Europa, na Belerofoni juu ya farasi mwenye mabawa anamwua mnyama wa kutisha. Kisha, katika karne hiyo hiyo, chumba kilicho juu ya kile cha sanamu kikafanywa kanisa. Kuta zikachorwa zile herufi mbili za kwanza za jina Kristo kwa Kiyunani, zimezungushiwa taji la majani, pamoja na Alfa na Omega. Na wale watu sita wenye mikono iliyoinuliwa. Mmoja wao ana pazia nyuma yake. Husemwa kwamba huyo alikuwa amekwisha kufa wakati picha inachorwa, nao wakamchora kati ya walio hai. Ni moja ya alama za kale kabisa za ibada ya Kikristo katika nchi ile ambayo baadaye ilituma wamisionari hadi kwetu.

Hapo ndipo penye shida. Chini ya kanisa, katika chumba cha sanamu, inaonekana vyungu vya sadaka viliendelea kuwekwa. Juu wanamwomba Kristo. Chini mtu anawatilia mababu kinywaji. Nyumba moja, paa moja.

Chuoni tuligombana juu ya jambo hili jioni nzima. Mwenzangu mmoja, sasa ni askofu, alisema ni wanafiki, watu wa vuguvugu, wa kutapikwa. Mwingine akasema labda waliokuwa chini ni watumwa wasioongoka. Mwingine akasema ni bibi mzee, mama wa mwenye nyumba, na mwanawe hakuwa na moyo wa kumnyang'anya. Mimi nilikuwa upande wa askofu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na sikuwahi bado kuzika mtu wangu.

Wataalamu waliochimba kwa miaka, walioshika vyungu vile kwa mikono yao, hawakutoa hukumu. Wanasema: vyungu viko hapa, kanisa liko pale, nyakati zao zinakutana. Labda watu tofauti, labda watu wale wale. Labda si ibada tena bali heshima ya wazee. Wanaliacha swali wazi, si kwa woga, ila kwa sababu hawana cha kulifunga. Nikiwa chuoni niliona huo ni udhaifu wa wasomi. Siku hizi nauona ni aina ya unyofu ambayo sisi watu wa dini tunaihitaji kuliko wao, maana wao wakikosea wanaumia waliokufa miaka 1600 iliyopita.

Mtu ataniambia: Mchungaji, unataka tusihukumu kabisa? Mbwa mwitu aingie zizini nasi tunapima udongo? Hapana. Mganga wa kituo cha afya akiona homa na kutetemeka hasubiri chuo kikuu. Anampima mtoto damu na kumpa dawa. Lakini tazama vizuri, hata yeye anapima. Na dawa yake ikikosea, kesho ataibadilisha. Hapo ndipo naona mstari. Dalili inatosha kukufanya uinuke, uulize, uchimbe. Hukumu ikiwa nyepesi, unayoweza kuirudisha kesho, dalili chache zaweza kukutosha. Hukumu ikiwa nzito, ya kumvunjia mtu jina lake au nyumba yake au nafsi yake, lazima uchimbe hadi mwisho. Na ukifika mwisho hujaelewa, unyamaze. Tunayo methali nyingine isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Naiogopa methali hiyo. Imeua wazee wengi.

Sasa nikiri. Wakati wa mvua zilizopita nyumba ya mama mmoja mzee, mjane, mshiriki wetu, ilianguka ukuta mmoja. Vijana wa kanisa walikwenda kumsaidia, jambo jema. Walipoinua kitanda wakakuta kifurushi kimefungwa kwa kitambaa cheusi: udongo mwekundu usio wa hapa, shanga chache, na jino dogo la mtu. Kabla ya jioni kambi nzima ilijua kwamba mama yule ni mchawi. Watu wakakumbuka mtoto aliyekufa mwezi uliotangulia. Wakakumbuka jinsi anavyoondoka kanisani mapema. Kila kitu kikawa kigae cha nyumba ile moja.

Baraza likakaa usiku. Barua ya kumwondoa kwenye Meza ya Bwana niliiandika mimi, kwa mkono huu, kabla mama hajaitwa. Mzee mmoja, msemaji wa mara chache, akauliza: «Kuna aliyemwuliza?» Tukatazamana. Akaendelea, akatukumbusha Naamani, yule Mshami aliyeponywa ukoma, jinsi alivyoomba mizigo ya udongo wa Israeli aende nayo kwao, na jinsi alivyomwambia nabii Elisha mapema kwamba itambidi kuinama katika nyumba ya Rimoni pamoja na bwana wake, naye nabii akamwacha aende kwa amani (2 Wafalme 5). Nilikuwa nimeifundisha sura hiyo mara ngapi! Siku zote niliishia kwenye kuoga mara saba.

Asubuhi nikaenda mwenyewe. Mama alikuwa ameketi juu ya jerikani, nje. Nikamwuliza. Akasema: «Mwanangu Mchungaji, ule ni udongo wa kaburi la mtoto wangu. Tulikimbia siku ya tatu baada ya kumzika. Shanga ni za mama yangu. Jino ni lake mtoto, lilitoka akiwa na miaka sita, nililihifadhi.» Nikamwuliza, kwa kuwa ni kazi yangu kuuliza, kama huufanyia udongo ule jambo lolote. Akakaa kimya kidogo. Akasema: «Usiku namsalimia.»

Nikasimama pale nikaiona Lullingstone. Juu anaomba na sisi, mikono imeinuliwa, Jumapili kwa Jumapili, na chini ya kitanda anasalimia. Ni ibada? Ni majonzi? Ni desturi ya mama anayeaga mtoto kila jioni? Ninayo elimu ya Biblia, ninacho cheti, na sikuwa na jibu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wachimbaji wanalijua kuliko wote. Kuchimba ni kuharibu. Tabaka la udongo ukishaliondoa hulirudishi. Ukikosea kuandika ulichokiona, hakuna wa kukichimba mara ya pili. Ndiyo sababu wanatumia brashi ndogo na kijiko, na ndiyo sababu zile mosaiki za Rutland na za Deverill, walipokwisha kuzipima na kuzipiga picha, walizifunika tena kwa udongo. Picha za wale waombaji wa Lullingstone zenyewe zilitufikia kwa msiba: nyumba iliungua mwanzoni mwa karne ya tano, plasta ya kanisa ikaangukia ndani ya chumba cha sanamu ikiwa vipande maelfu, ikalala pamoja na vyungu. Watu walikaa miaka wakipanganisha vipande hivyo. Leo viko katika jumba la makumbusho la London. Hakuna aliyevisukuma kwa nguvu vikae mahali pasipo pake.

Mama akaniomba kifurushi chake. Nikaenda kwa vijana. Walikuwa wamekwisha kuumwaga udongo chooni, na kitambaa na vilivyomo wakavichoma moto usiku ule ule, wakiimba. Walifikiri wanamtumikia Mungu, na aliyewafundisha kufikiri hivyo ni mimi.

Tulichambua majivu, mimi na wawili kati yao, karibu saa nzima. Tulipata shanga mbili zilizogeuka nyeusi. Jino hatukuliona. Nikampelekea shanga zile, nikamweleza yote, pamoja na habari ya barua. Alizipokea kwa mikono miwili, akazifunga katika pembe ya kitenge, akauliza kama ukuta utajengwa kabla ya mvua nyingine. Nikamwambia ndiyo. Vijana waliujenga wiki ile.

Anakuja kanisani kama zamani, anaketi karibu na mlango, na anaondoka mapema kwa sababu ya miguu, kama nilivyokuja kujua. Kuhusu anachokisalimia usiku sasa, sijamwuliza.